Mto Hufufuliwa Mlimani

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuacha kazi zenu mchana huu wenye jua kali.

Nilipokuwa mtoto, kila alasiri nilimfuata mama mtoni na punda wawili. Nasema mtoni, lakini ninyi wa Kitui mnajua mto wetu wa kiangazi: mchanga mtupu unaochoma nyayo. Mama alichimba kwa kata mpaka shimo likamfika kifuani, kisha akakaa ukingoni akangoja. Maji yalijikusanya pale chini taratibu, machafu. Aliyamwaga, akangoja tena, yakaja maangavu. Kata kwa kata, mtungi mmoja, wa pili, hadi wa nne, na jua linakuchwa. Miaka ikapita, malori yakaja kuzoa mchanga pale pale. Baada ya misimu michache ukabaki mwamba uchi, na shimo la mama halikutoa tena hata tone. Hatukuona maji yakiondoka. Tuliona mchanga tu ukipakiwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza mto ni nini hasa, na jibu lililonituliza moyo nililipata katika habari za India, jimbo la Rajasthan. Magharibi mwa jimbo hilo kuna jangwa la Thar. Mashariki, kwenye milima mikavu ya Aravalli, kuna wilaya ya Alwar. Alwar hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Julai na Septemba, na mara nyingi kwa siku chache za dhoruba. Misitu ilikuwa imekatwa, mabwawa ya mababu yamejaa tope, visima vimechotwa kupita kiasi. Wanaume walihamia mijini kutafuta vibarua, nyumbani wakabaki wanawake, watoto na wazee.

Mwaka 1985 kijana aitwaye Rajendra Singh, aliyesomea tiba ya asili ya Kihindi, aliacha kazi ya serikali akaenda huko na wenzake wanne. Nia yao ilikuwa kutibu na kufundisha. Mzee mmoja wa kijiji cha Gopalpura akamwambia wazi kwamba dawa na shule si shida yao ya kwanza, shida yao ni maji. Kama anataka kusaidia, ashike jembe. Akalishika. Namheshimu kwa hilo, maana msomi kuamrishwa na mzee asiyejua kusoma, naye akatii, si jambo dogo.

Walichochimba kinaitwa johad. Naomba tukae hapa kidogo. Johad ni tuta la udongo lililopinda kama mwezi mwandamo, likikinga mteremko pale maji ya mvua yanapopita. Halina saruji wala bomba. Maji yaliyozoea kuporomoka yakabeba udongo wote yanafika pale yanasimama. Ukipita baada ya miezi michache utakuta dimbwi limekauka, na mgeni atasema kazi imepotea bure. La hasha! Maji yamezama. Yako chini ya ardhi, jua haliyafikii, yanajongea polepole kufuata mteremko, yanapandisha kina cha visima vya bondeni, na yakizidi hutokea mtoni. Udongo wenye unyevu uliobaki kwenye dimbwi hupandwa ngano. Sisi husema maji yakimwagika hayazoleki. Watu wa Alwar waliyazoa, kwa kuyazuia yasikimbie.

Mto Arvari una urefu wa kilomita 45 hivi, na kwa miaka mingi ulikuwa mkondo wa mawe tu nje ya msimu wa mvua. Watu wa Bhaonta-Kolyala, karibu na chanzo chake, walianza kujenga matuta mwishoni mwa miaka ya 1980, vijiji vingine vikafuata. Mwaka 1990 maji yalionekana hata baada ya mvua kwisha. Kufikia 1995 mto ulitiririka mwaka mzima. Na kazi haikuanzia kwenye mto wenyewe! Sehemu kubwa ilifanyika huko juu, kwenye vijito ambavyo havina hata jina.

Lakini maji yakitokea, wenye maji nao hutokea. Samaki walipoonekana Arvari, serikali ilimpa mkandarasi kibali cha kuvua. Wanavijiji wakakataa: mto ulipokuwa mfu haukuwa na mwenyewe, leo mwenyewe katoka wapi? Kibali kikafutwa. Ndipo vijiji takriban 70 vya bonde lile vikaunda baraza lao, wakaliita bunge la mto. Hukutana mara mbili kwa mwaka. Kisheria halina meno. Hata hivyo linaamua: miwa isilimwe, mpunga usilimwe, kiangazi mtu asipige pampu moja kwa moja kutoka mtoni. Mwaka 2015 Rajendra Singh alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm, lakini kwangu mimi baraza hilo ndilo kazi kubwa kuliko matuta yote.

Nasema hivyo kwa sababu wapo wataalamu walioonya kwamba maji yanayozama juu ni maji yasiyofika chini. Hoja ni ya haki. Tuta haliongezi mvua, linagawa ile iliyonyesha. Kijiji cha juu kikichimba visima kwa pupa, cha chini kitakauka, na mto utakufa mara ya pili, safari hii kwa mikono ya walioufufua.

Sasa turudi kwetu. Sisi hatuhitaji kuiga johad. Ukambani tuna bwawa la mchanga: ukuta unajengwa juu ya mwamba kukatiza mto, mafuriko yanaleta mchanga unaojaa nyuma yake, na mchanga ule wa chembe kubwa unaweza kushika maji hadi karibu theluthi ya ujazo wake, na zaidi ya nusu mita chini jua huyanywa kidogo sana. Tuna mwethya, yaani vikundi vyetu vya kufanya kazi kwa kusaidiana, na mikono ya akina mama hawa ndiyo iliyopanga mawe ya kuta nyingi tunazoziona. Kilichotushinda si kujenga. Ukuta unapanda, mchanga unajaa, na kabla ya misimu mitatu lori limeshaingia usiku, au pampu ya mtu mmoja inanyonya mchana kutwa kwa ajili ya nyanya zake.

Mvua za Oktoba ziko mbele yetu na mawe ya ukuta mpya wa bwawa letu yameshakusanywa. Ombi langu ni kwamba jiwe la kwanza lisiwekwe kabla ya kikao, na kikao kiwe na watu wa ng'ambo zote mbili, wa juu na wa chini, wenye punda na wenye pampu. Tukubaliane pampu ngapi, kwa saa zipi, na lori likija usiku nani anapiga yowe.