Petroli Ikilala Ndani: Moto Unapita Sakafuni

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tunaongelea petroli na mafuta ya taa tunayoweka majumbani. Kaka Salum, tuanzie wapi?

SALUM: Tuanzie sebuleni, dada. Huku uswahilini pikipiki hailali nje, itaibwa. Usiku inaingizwa ndani, na pembeni yake kuna dumu la akiba la lita 5, lile lililokuwa la mafuta ya kula. Kizibo kimelegea, kimekazwa kwa kipande cha nailoni.

REHEMA: Na jiko la mkaa lipo palepale koridoni.

SALUM: Hapo ndipo penyewe. Kinachowaka ni mvuke wa petroli, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kama mara 3 au 4. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa sakafuni, unapenya chini ya mlango mpaka ukutane na jiko, mshumaa au chetezo cha udi. Ukishika, moto unaufuata mvuke kurudi ulikotoka, mpaka kwenye dumu.

REHEMA: Kwa hiyo mtu anaungua na dumu lenyewe hajaligusa.

SALUM: Hajaligusa kabisa. Yuko chumba cha pili anapika wali.

REHEMA: Msikilizaji wetu wa Mbagala anauliza, mafuta ya taa je?

SALUM: Yana nafuu kidogo. Mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kuweza kuwaka. Petroli inautoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Lakini stoo ya mabati hapa Dar, mchana wa Januari, hizo 38 zinafika. Na tafadhali, dumu lililokuwa na petroli lisitiwe mafuta ya taa. Masalia yake yakiingia kwenye jiko la utambi, linaweza kulipuka usoni mwa mpishi.

REHEMA: Mimi kinachoniuma ni mafuta haya kutiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Mtoto anatoka kucheza, kiu imemshika, anaona chupa ya maji chini ya meza. Atajuaje?

SALUM: Hawezi kujua. Na akinywa, msimtapishe. Mafuta yakipanda yanaingia mapafuni, na hapo ndipo hali inakuwa mbaya zaidi. Mkimbizeni hospitali.

REHEMA: Basi tuyaweke wapi, nje?

SALUM: Nje, ndiyo. Ila nje peke yake hakutoshi, dada. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka barabarani, mahali peupe kabisa, na tukapoteza watu zaidi ya 100. Tafuta kibanda chenye kivuli, mbali na jiko, genereta na mtaro. Kiwe na matundu juu na mengine chini kabisa ya ukuta, maana mvuke unakaa chini. Dumu liwe la kazi hiyo, kizibo kibane, lisijazwe pomoni kwa sababu petroli inatanuka kwa joto. Likalishe ndani ya beseni la bati, likivuja yasitapakae.

REHEMA: Na mwenye chumba kimoja? Huyo hana kibanda wala uwanja.

SALUM: Huyo asiweke akiba kabisa. Yaliyomo kwenye tanki yanamtosha mpaka asubuhi. Jiko lizimwe na litolewe nje kabla pikipiki haijaingia. Afunge koki, akaze kifuniko cha tanki. Akisikia harufu ya petroli, pikipiki itoke, hata kama ni saa nane za usiku. Na isikae mlangoni, maana mlango huo ndio wa kukimbilia.

REHEMA: Moto ukishawaka, wengi tunakimbilia ndoo ya maji.

SALUM: Maji yanausambaza. Petroli inaelea juu yake, inakwenda nayo. Moto mdogo, mwagia mchanga au tumia kizimamoto cha poda. Umekuzidi? Toa watu nje, piga 114, zimamoto.

REHEMA: Mangi wa mtaani kwetu anapanga chupa za petroli dirishani, jiko la chipsi liko hatua mbili tu. Nikitoka hapa napitia kwake.

SALUM: Nenda. Mwombe azitoe pale kwanza, mengine mtaongea chupa zikiwa mbali na jiko.