Mechi Ikiuzwa, Alipe Nani?
Mhadhara kwa viongozi wa vilabu, waamuzi na wachezaji, Tabora

Ndugu viongozi wa vilabu, waamuzi, makamisaa, wachezaji na wapenzi wa soka, mlio wa hapa Tabora na wenzetu mliopanda treni kutoka Kigoma: wakubwa shikamooni, vijana habari zenu.

Jambo tunalolizungumza, yaani kupanga matokeo ya mechi, limepita kwetu, kwa hiyo nitaanzia nyumbani. Februari 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Polisi Tabora waliifunga JKT Oljoro ya Arusha mabao 7-0. Geita Gold nao wakaifunga JKT Kanembwa ya Kigoma mabao 8-0. Nafasi ya kupanda Ligi Kuu ilikuwa moja kwa kundi zima. Aprili mwaka huo Kamati ya Nidhamu ya TFF, shirikisho letu la soka, ikazishusha daraja timu zote nne kwa kupanga matokeo, na wako watu binafsi waliofungiwa, makipa wakiwamo. Mbao FC ya Mwanza, iliyokuwa nyuma ya Polisi Tabora na Geita Gold, ndiyo iliyopanda, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini dhidi ya Simba.

Kwa nini mabao saba na manane, wakati moja lingetosha kushinda? Jibu ni hesabu. Timu zikilingana pointi, tofauti ya mabao ndiyo inayoamua. Hapo timu haitafuti tena ushindi, inatafuta idadi. Kila taarifa inayoingia kwa simu kutoka uwanja wa pili inapandisha dau: wenzetu wana nne, tutafute tano. Na mpinzani siku hiyo mara nyingi ni timu ambayo msimu wake umekwisha, haipandi, au imekwisha shuka. Mechi huwa rahisi kununua pale mmoja anapohitaji mno na mwenzake hana cha kupoteza. Ukitaka kujua mechi ipi ya msimu iko hatarini, usihangaike na majina ya watu. Chukua msimamo wa ligi, angalia raundi mbili za mwisho.

Nigeria waliliona hilo mwaka 2013. Plateau United Feeders walishinda 79-0 na Police Machine wakashinda 67-0, siku moja, wakigombea nafasi ileile ya kupanda. Shirikisho likazifungia klabu zote nne miaka 10. Sierra Leone mwaka 2022 ilizidi: Kahunla Rangers 95-0, Gulf FC 91-1. Mechi ya kwanza ilikwenda mapumziko ikiwa 2-0. Yaani mabao 93 katika kipindi kimoja, zaidi ya mawili kila dakika, na kila baada ya bao lazima mpira urudi katikati uanzishwe upya. Mwamuzi aliyekuwa na saa mkononi alikuwa anaona nini? Kila mara swali langu la kwanza linakwenda kwake, kabla ya kipa.

Dawa ya hesabu hii inajulikana tangu Kombe la Dunia la 1982. Algeria walimaliza mechi zao za kundi kwanza. Kesho yake, kule Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria walijua kwamba Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wanafuzu. Bao likaingia mapema, kisha wakapigiana pasi mpaka filimbi ya mwisho. Hakuna aliyeadhibiwa. Ila baada ya fedheha ile FIFA iliamua kwamba mechi za mwisho za kundi zichezwe kwa wakati mmoja. Lakini mmeona hapa nyumbani kwamba kuanza pamoja peke yake hakutoshi ikiwa benchi lina simu.

Hiyo ni aina ya kwanza, kupanga ili kupanda au kufuzu. Sasa niingie kwenye aina ya pili, ambayo kwa miaka hii ndiyo inanitia hofu kubwa zaidi: kupanga kwa ajili ya mkeka, yaani kubeti. Hapa mnunuzi hajali nani anapanda. Kuna mwenye mtaji, ambaye huenda yuko nchi nyingine kabisa. Kuna dalali anayewajua wachezaji na waamuzi kwa majina. Kuna mtekelezaji uwanjani. Na kinachonunuliwa si lazima kiwe matokeo. Kinaweza kuwa jumla ya mabao, penalti, kona, hata kadi ya njano ya kipindi cha kwanza. Mchezaji anaambiwa: "Hatutaki mfungwe, tunataka kadi tu." Anaona haimdhuru mtu. Akishapokea mara moja, dalali ana rekodi yake ya muamala, na mara ya pili haombwi tena, anaamriwa.

Nitachukua kesi moja niifungue, kwa sababu inaonyesha namna wanavyokamatwa. Tarehe 12 Novemba 2016, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, Afrika Kusini dhidi ya Senegal. Mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana alitoa penalti akisema Kalidou Koulibaly, beki wa Senegal, ameshika mpira. Picha zinaonyesha mpira uligonga goti. Afrika Kusini wakashinda 2-1. Kama ingekuwa kosa la macho, lingeishia kwenye malalamiko. Kilichomkamata ni kubeti. Zipo kampuni zinazofuatilia namna bei za mechi, yaani kiasi anacholipwa aliyebeti akipatia, zinavyopanda na kushuka, kabla na wakati wa mchezo. Katika hali ya kawaida muda unavyokwenda bila bao, bei ya "mabao mengi" inapanda, kwa kuwa uwezekano wake unapungua. Ikienda kinyume, hela nyingi ikamiminika kwenye mabao wakati uwanjani hakuna dalili ya bao, mtu anajua kitu. FIFA ilimfungia Lamptey maisha, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaiunga mkono hukumu hiyo, na mechi ikarudiwa Novemba 2017. Senegal wakashinda 2-0 na kwenda Urusi.

Tazameni adhabu ile ilivyopangika. Mtu aliyefanya kosa ameondolewa kwenye soka, na aliyeonewa amerudishiwa mechi yake. Ndivyo inavyotakiwa iwe, na ni nadra.

Mara nyingi inakuwa kama Italia. Mwaka 2006 simu zilizorekodiwa zilionyesha Luciano Moggi, meneja mkuu wa Juventus, akizungumza na wapanga waamuzi kuhusu nani achezeshe mechi ipi. Hakukuwa na haja ya bahasha kwa mwamuzi. Mwamuzi anayejua kwamba kazi yake ya wiki ijayo iko mikononi mwa rafiki wa klabu fulani, filimbi yake inakuwa nzito upande mmoja. Juventus ilipokwa ubingwa wa 2005 na 2006 na kushushwa Serie B. Kasi ya hukumu naisifu: kashfa ililipuka Mei, rufaa zikaamuliwa Julai, kabla ya msimu mpya. Lakini zile pointi walizokatwa, kwanza ilisemwa 30, rufaa ikashusha hadi 17, usuluhishi ukashusha hadi 9. Wakaongoza Serie B na kurudi Serie A baada ya msimu mmoja tu. Moggi mwenyewe alifungiwa miaka mitano, baadaye akafungiwa soka maisha.

Sipingi kushusha klabu daraja. Klabu isiyoogopa kushuka itawatuma watu wake wafanye chafu, halafu iwakane. Ninachokataa ni kuishia hapo. Klabu ikishuka, kocha wa vijana anakosa kazi, kipa wa akiba ambaye hakujua lolote anashuka nayo, mashabiki wa Isevya na Ng'ambo hapa Tabora wanakosa mechi kubwa. Aliyetoa hela mwaka unaofuata yuko kwenye klabu nyingine. Ndiyo maana kanuni za nidhamu za FIFA zinamlenga mtu: anayepanga matokeo anafungiwa si chini ya miaka mitano, na faini isiyopungua faranga za Uswisi 100,000. Na anayejua akanyamaza naye ana kosa lake: si chini ya miaka miwili, na faini isiyopungua faranga 15,000. Wachezaji, hilo la pili lisikieni vizuri. Ukifuatwa, ukakataa, ukaenda kulala bila kutoa taarifa, umeshavunja kanuni.

Na msichanganye kupanga na kubeti. Ivan Toney wa Brentford alifungiwa miezi minane mwaka 2023 kwa makosa 232 ya kubeti. Hakupatikana na kosa la kuuza mechi. Mchezaji, kocha au mwamuzi hatakiwi kuweka mkeka kwenye soka, hata akiweka kwamba timu yake itashinda. Kumwambia shemeji kwamba mshambuliaji wenu kesho hachezi, ili yeye akabeti, hilo nalo ni kosa.

Udanganyifu mwingine ni wa umri. Naupitia kwa haraka, ingawa unaumiza. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, waliondolewa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa mchezaji aliyezidi umri. Kwa fainali za 2017 ikawa zamu yetu kulalamika. Congo Brazzaville walitutoa, tukakata rufaa, mchezaji wao hakufika kwenye kipimo, tukaingia sisi. Kipimo chenyewe ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono, inayoonyesha kama mfupa umekwisha kuunga. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kutengenezwa upya. Mfupa hapana.

Ushahidi. Kesi nyingi hufia hapa. Mahakama ya jinai inadai uthibitisho usioacha shaka. Kamati ya nidhamu inatosheka na kiwango cha chini kidogo, lakini haihukumu kwa matokeo peke yake, wala kwa maneno ya kijiweni. Kwa hiyo ukifuatwa, fanya hivi. Usijadili bei hata kwa utani, kwa sababu ujumbe wako wa utani utasomwa kamatini. Usifute chochote. Picha ya skrini haitoshi, itunze simu yenyewe na sauti zilizotumwa. Ukitumiwa hela bila kuomba, hata kama wameiita nauli, usiitumie wala usimrudishie dalali mkononi, iache ionekane kwenye taarifa ya miamala. Siku hiyohiyo andika saa, mahali, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo. Kisha peleka taarifa sehemu mbili: kwenye mamlaka ya soka, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, isiyo na malipo. Nasema mbili kwa sababu aliyekufuata anaweza kuwa ndiye kiongozi unayetakiwa kumpelekea taarifa.

Jacques Glassmann, mchezaji wa Valenciennes ya Ufaransa, ndiye mfano wangu. Mei 1993 aliahidiwa hela ili timu yake ilegeze mbele ya Marseille, siku sita kabla ya Marseille kucheza fainali ya Ulaya na Milan. Akakataa na kusema. Polisi wakafukua faranga za Ufaransa 250,000 zilizozikwa bustanini kwa ndugu wa mchezaji mwenzake. Marseille wakapokwa ubingwa wa Ufaransa na baadaye kushushwa daraja, rais wao Bernard Tapie akaenda jela. Lakini Glassmann ndiye aliyezomewa viwanjani. FIFA ilimpa tuzo ya uungwana mwaka 1995, na kufikia hapo soka yake ya ngazi ya juu ilikuwa imekwisha. Viongozi wa mikoa mlioko hapa, kijana wa namna hiyo akija kwenu jina lake lisitoke nje ya chumba, na klabu isiruhusiwe kumvunjia mkataba kesi ikiendelea. Hilo mnaweza kuliandika kwenye kanuni za ligi ya mkoa kabla ya msimu ujao, halihitaji bajeti.

Na kwa raundi ya mwisho: mechi zote zinazogusana zianze dakika ileile, simu za mabenchi yote mawili zikusanywe na kamisaa kabla ya filimbi, waamuzi watoke nje ya mkoa na majina yao yatangazwe kwa kuchelewa. Kamisaa aandike dakika ya kila bao na jinsi lilivyofungwa, kwa mkono wake, aisaini ripoti kabla hajaondoka uwanjani. Maswali sasa, na ningependa waamuzi waanze.