"Unfortunately": silabi tano, mofimu nne, mkazo mmoja

Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Leo sina orodha ya kanuni. Nina kielezi kimoja tu cha Kiingereza, "unfortunately", ambacho wanafunzi wetu wanakipenda sana kwenye insha ila wakikitamka, mtihani.

Tupige makofi kwa silabi: un-for-tu-nate-ly. Tano. Sasa tukikate kwa mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vyenye maana: un-, fortun(e), -ate, -ly. Nne. Itazameni ile "n" ya katikati. Kimaana ni ya mzizi "fortune", kimatamshi imehamia "nate". Hata sisi ndivyo tufanyavyo: mzizi wa "anasoma" ni -som-, lakini hakuna anayetamka som-a, sote tunasema so-ma. Mzizi huo wa "fortune", kwa taarifa tu, ni wa Kilatini uliopitia Kifaransa. "Un-" na "-ly" ni viambishi vya Kiingereza chenyewe tangu kale.

Kasheshe iko kwenye mkazo. Kwetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na ukirefusha kitenzi nao unasogea: PIga, piGAna, pigaNIsha. Mtoto aliyezoea hivyo atasema unfortuNATEly, na hiyo "nate" ataivuta kama ya "donate". Kiingereza hakisogei: FORtune, FORtunate, unFORtunate, unFORtunately. Ongeza mbele, ongeza nyuma, mkazo uko pale pale kwenye "for". Zinazofuata zinafifia, "tu" inasikika kama "chu", na irabu ya "nate" inakaribia kumezwa.

Darasani mimi huanza na "fortune" peke yake ubaoni. Wanafunzi wanagonga dawati kwenye "for", kisha naongeza kipande kimoja kimoja huku wakiendelea kugonga palepale. Neno zima silitamki mimi kwanza, wanalifikia wenyewe.

Lakini msiwaambie kwamba kila kiambishi cha Kiingereza ni mpole. "-ity" huvuta mkazo: ACtive, acTIVity. "-ic" vilevile: HIStory, hisTORic. Na "-ly" yenyewe ina siku zake za ukaidi: NEcessary, lakini Wamarekani, na Waingereza wengi pia, husema necesSARily. Tusiwacheke. Njia ya magari kwetu ni baraBAra, inafuata kanuni vizuri. Kielezi chetu ni baRAbara, na kanuni haijui.

Haya, maswali kwanza, kisha mnipasulie "immediately".