Vitanda Viwili, Ndoo Tano

Walimu wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Wadogo zangu mliosimama kule mlangoni, sogeeni, jibaneni. Kubanana ndiyo mada yenyewe.

Mwenyekiti amenipa dakika arobaini nizungumzie historia ya mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nianze kwa kulikataa neno. Mlimani enzi zetu ukisema "bweni" walikucheka. Bweni ni la sekondari, lina kiranja na kengele. Sisi tulikaa holi. "Uko holi gani?" Namba moja hadi namba saba, basi. Naona Profesa hapa mbele ameshaanza kutabasamu kwa sababu hadithi hii ameisikia mara nne. Ndiyo, Profesa, ni ile ya ndoo. Nivumilie.

Mwanzo wa chuo mnaujua. Oktoba 1961, wanafunzi 14 wa sheria, jengo la TANU pale Lumumba, shahada za London. Mwaka 1964 kikahamia mlimani, 1970 kikawa chuo kamili. Kila mahafali tunasomewa hayo, siyarudii. Lakini katika miaka yote hiyo ya kusomewa, nani amewahi kuinua mkono akauliza wale 14 walilala wapi? Tunajua walisomea wapi, wakafundishwa nini, nani alikuja kuwa waziri. Kulala hatuulizi. Kana kwamba msomi anafungwa kama shajara usiku na kurudishwa kabatini.

Sasa ndoo.

Niliingia Mlimani katikati ya miaka ya 1990. Nilichelewa kuripoti siku sita, na kosa ni langu, nisimsingizie mtu: binamu yangu alikuwa anaoa Tabora, na mwenye suti katika ukoo mzima ni mimi. Nafika na sanduku langu la bati, orodha ya vyumba imebandikwa siku nyingi, mimi simo. Nikakaa kwenye kimbweta, zile meza za saruji za kusomea nje, na sanduku langu kama abiria aliyeachwa na basi. Jioni akapita kijana niliyesoma naye, akaniangalia, akaangalia sanduku, akasema neno moja tu: "Nakubeba."

Waliopo hapa sina haja ya kuwaeleza kubebana. Chumba kilikuwa cha watu wawili. Tuliishi watano. Wawili wawili kwenye kitanda, mzungu wa nne, miguu ya mwenzio ndiyo saa yako ya kukuamsha. Wa tano alikuwa na kigodoro chake chini, kati ya vitanda, na asubuhi kinakunjwa kinasukumwa uvunguni. Mmoja wetu akaamua kusoma usiku kucha kwenye vimbweta na kurudi alfajiri wengine wakiamka. Kile kitanda, nawaambieni, muhula mzima hakikupoa. Mbebwa hujikaza: sikuwahi kukaa mezani mwenye chumba akiwepo, sikuwahi kuwasha redio, na mgeni akibisha hodi mimi ndiye nilikuwa mgeni mwenzake.

Maji yalikatika mara kwa mara, kwa hiyo kila mtu alikuwa na ndoo yake, jina limeandikwa kwa rangi. Kulikuwa na mama wa usafi, mtu mzima, hana maneno mengi. Asubuhi moja yuko anadeki, akasimama, akaegemea fagio, akasema: "Wanangu, chumba hiki kina vitanda viwili na ndoo tano." Akaendelea kudeki.

Tukadhani anatutisha. Tukaanza kuchangishana hela ya soda ya kumfunga mdomo. Kumbe siku ya pili yake wakaguzi wakapita. Wanaingia chumbani, wanakuta vitanda viwili, vijana wawili, ndoo mbili. Tatu zilikuwa stoo, zimefunikwa na matambara ya kudekia. Soda hatukumnunulia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Basi nisikilizeni vizuri hapa, maana ndiyo hoja yangu na sina nyingine. Daftari la ofisi lilisema wawili. Ndoo zilisema watano. Mtafiti akija kesho kuandika historia ya holi zile atafungua daftari, atahesabu vitanda, atatuletea jedwali zuri sana lenye watu wawili kila chumba. Mimi simo humo. Niliishi mlimani miaka mitatu na katika maandishi sikuwahi kulala. Na waliojua hesabu halisi, akina mama wa usafi, walinzi wa getini, wapishi wa kafeteria, hakuna anayewafuata na kinasa sauti. Wengi wamestaafu, wengine tumeshawazika.

Kuna mtu anataka kuniambia kubebana kulikatazwa. Kulikatazwa, ndiyo. Vitu vilivyokatazwa ndivyo visivyoandikwa, ndiyo maana nakuhimizeni mvitafute kwa watu.

Mwingine, naona unanyanyua kalamu, unataka niseme habari za Walter Rodney, yule mwanahistoria aliyefundisha hapa, na Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, na USARF yake, kile chama cha wanafunzi wanamapinduzi, na madarasa ya itikadi ya Jumapili. Kila mhadhara kuhusu Mlimani lazima Museveni apite kusalimia! Haya, nitamsalimia kwa njia yangu. Vijana wale wa mwisho wa miaka ya 1960 walikuwa na chumba na wali mezani, vyote kwa gharama ya umma. Siwasemi vibaya, walisoma kweli na walibishana kweli. Lakini kukesha ukijadili ubeberu ni jambo moja ukiwa na kitanda kinachokusubiri, na jambo jingine ukiwa na zamu ya kitanda. Miaka ya 1990 ulipokuja uchangiaji wa gharama, mwanafunzi akaanza kujitafutia mlo na malazi, watu wakasema vijana wa siku hizi hawajadili tena. Walikuwa wanatafuta pa kulala, bwana!

Na Mwalimu Nyerere aliliona mapema suala la kitanda. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana na majoho yao kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, karibu 400 walirudishwa makwao. Tunakumbuka sana kwamba siku ile alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Tunasahau ubishi wenyewe ulikuwa nini: mtu anayelazwa na kulishwa kwa jasho la mkulima, anamdai nini tena mkulima? Unaweza kumkubali au kumkataa. Mimi namkubali nusu, nusu nyingine tutaibishania kwenye chai.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Ni dakika au ni ndoo? Haya, nakimbia.

Azimio la Musoma, 1974. Vijana wakatakiwa kwanza wakafanye kazi ndipo waje chuo. Holi zikajaa watu wazima, walimu wakuu, baba za watu, wanapanga foleni ya bafu. Hili peke yake ni mhadhara mzima, mtu aniite tena.

Wanawake. Nilikuwa na kurasa tatu hapa, nazifunga, lakini jambo moja siliruki. Kulikuwa na lile gazeti la ukutani, Mzee Punch, waandishi wake wakijificha, na wasichana wakichorwa na kuandamwa. Wazee wenzangu wanalikumbuka kwa kicheko. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Holi ilikuwa nyumba kwa baadhi yetu tu. Msilisimulie tena kama utani mbele yangu.

Majina. Wenzetu Makerere wana Livingstone, wana Mary Stuart, wana Lumumba. Sisi namba, kama selo. Jina likaja 2017, Aprili, Rais Magufuli alipofungua majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, kwa shilingi bilioni 10. Majengo yakaitwa kwa jina lake. Mimi nilishangilia kama wengine. Vitanda ni vitanda. Ila mtu akahesabu ndoo.

Kabla ya hapo ilishakuja hosteli ya Mabibo, nje ya mlimani, nayo nilitaka kuisema kwa kirefu, kwa sababu mwanafunzi anayewahi daladala saa kumi na mbili jioni hawezi kubaki ukumbi wa Nkrumah kumuuliza mgeni mhadhiri swali la nne. Imenipita. Kijitonyama na Mikocheni ndiyo sizigusi kabisa.

Nakaa, mwenyekiti, nakaa. Dakika mbili nilizobakiza si zangu. Pale safu ya tatu, mwenye kitenge cha bluu, amekaa mama aliyedeki holi za mlimani miaka mingi kuliko maprofesa wengi waliofundisha pale. Nimemfuata nyumbani kwake Msewe wiki mbili akikataa, anasema yeye hakusoma. Kijana, mpelekee kipaza sauti, na wewe mwenye simu hapo mbele, rekodi. Mama, shikamoo. Tuambie, holi yako ilikuwa na ndoo ngapi?