Ufukwe wa Bagamoyo kwa Rangi za Mafuta

Wazee wangu, walimu na vijana wa Bagamoyo, asalamu aleikum. Picha hii imechorwa kwa rangi za mafuta na msanii wa pwani yetu. Ni ufukwe wa soko la samaki, maji yamekupwa. Pale mlangoni nimesikia mkiulizana: mbona watu hawana nyuso? Mbona ngalawa ni mikwaruzo tu, picha imeishia njiani? Mimi nasema imekamilika, na nitawaonyesha.

Tazameni ngalawa. Zote zina giza upande wetu. Hapa kwetu jua huchomoza baharini, kwa hiyo asubuhi anayetazama maji linampiga machoni. Saa kumi na mbili unusu, nani kati yenu humtambua mvuvi kwa uso? Tunamjua kwa mwendo wake, kwa bega analobebea kasia. Mchoraji ameuchora mwendo huo.

Sasa mchanga, ambao ndio roho ya picha. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwa kuwa ufukwe ni tambarare, maji huenda mbali sana. Mchanga uliolowa hushika rangi ya anga kwa muda mfupi, kisha hukauka. Ukikaa kuchora chembe moja moja, ukiinua macho ufukwe ni mwingine. Ndiyo maana brashi imekwenda mbio: waridi, kijivu, tena waridi, na chini ya ngalawa samawati. Si nyeusi, maana hata kivulini anga huangaza.

Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alipochora bandari ya Le Havre alfajiri, mwaka 1872, naye alidhihakiwa. Picha ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, mhakiki Louis Leroy aliandika kwamba hata karatasi ya kubandika ukutani imekamilika kuliko hiyo.

Wengi tumelelewa na macho ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi zinazopakwa baiskeli, na mimi naipenda mno mistari ile iliyo safi. Lakini rangi ile hukauka upesi, kila rangi ikabaki mahali pake. Ya mafuta hukaa mbichi kwa siku kadhaa, na hapa waridi limevutwa ndani ya kijivu kingali kibichi. Hakuna mpaka kati ya maji na nchi. Nendeni ufukweni maji yakikupwa mkautafute mpaka huo. (Tafadhali msiguse: palipo na rangi nene, ndani huchukua miezi kukauka.)

Anga sikuridhika nalo. Mawingu yamepigwa kwa mkono uleule wa mchanga, mazito, ilhali asubuhi ile yangetakiwa kuwa mepesi. Msanii yupo hapa, nimekwisha kumwambia, naye ana jibu lake. Nampisha alitoe, kisha maswali yenu.