Kabla Hujamletea Mwenzake

Mhadhara wa daktari wa mifugo mbele ya wafugaji wa mbwa, Arusha, baada ya chanjo ya asubuhi

Kaeni, kaeni. Mliosimama mlangoni sogeeni, viti vipo huku mbele, na mbwa wabaki nje na watu wao. Kijana mwenye begi, nimekuona, na begi lenyewe nimeliona linatikisika. Huyo mtoto wa mbwa asikanyage hapa chini. Kama hajamaliza chanjo zake ni hatari, maana tangu asubuhi wamepita mbwa wengi, na virusi vya parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi na miezi. Mpakate hivyohivyo.

Haya. Nimeombwa niseme juu ya kuongeza mbwa wa pili. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, na naona wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni tu. Simu ninayopigiwa kila wiki ni ileile: "Daktari, Bobi wangu analia usiku, anachimba ua, katafuna viatu vya mzee. Nadhani ana upweke. Nimtafutie mwenzake?" Nami nauliza lilelile: jana umekaa naye dakika ngapi? Kimya. Kisha nasikia, "Daktari, mtandao unakatika hapa."

Nina kisa cha mwalimu mmoja mstaafu. Waliokwisha kukisikia wanivumilie, nitakiacha siku watu watakapoacha kunipigia simu ile. Mwalimu huyu ana mbwa anaitwa Simba, chotara, damu yake ya German Shepherd imeishia masikioni. Watoto wa Mwalimu wakamaliza shule, mmoja baada ya mwingine wakaenda chuo. Haukupita muda, Simba akaanza kulia usiku, ile sauti ndefu inayoanzia chini ikipanda, mpaka majirani wakasema mbwa huyu anaita mkosi. Mwalimu akashauriwa amletee mwenzake. Akamleta dume changa, akamwita Chui. Wiki mbili za kwanza, raha tupu, wanarukiana, wanang'atana masikio. Wiki ya tatu wakalia wote wawili. Hapo ndipo nikaitwa.

Nilifika saa 4 asubuhi. Banda lenyewe nisingeweza kulilaumu: tofali, bati, wavu mzuri, sakafu ya saruji yenye mteremko ili mkojo usituame. Nikachuchumaa mlangoni. Ubao wa chini wa ule mlango ulipakwa rangi ya kijani, na rangi yote ilikuwepo isipokuwa sehemu moja, upana wa kiganja, palipochakaa pakawa laini kama mpini wa jembe la zamani. Hapo ndipo Simba alipokuwa akilaza kidevu. Nami nikainama mpaka usawa wa kidevu hicho, suruali ikachafuka, nikatazama anachotazama. Nikauona mlango wa jikoni.

Sasa sikilizeni. Upande wa pili wa banda hilohilo, hatua tatu tu, kuna seng'enge, na nyuma ya seng'enge jirani anafuga mbwa wawili. Simba anawaona, anawasikia, harufu yao anaipata mchana kutwa. Upande huo rangi ilikuwa kama ya jana. Miaka yote hiyo mbwa wenzake walikuwa palepale, naye akauchagua mlango wa jikoni.

Nikamwambia, Mwalimu, shikamoo nimeshakuamkia, sasa nisamehe nikupe zoezi. Akaleta daftari. Simba anafungiwa saa ngapi? Saa 12 asubuhi. Anafunguliwa lini? Saa 4 usiku, tukishafunga milango. Tukahesabu, saa 16 yumo bandani. Saa 8 zinazobaki yuko uani huru, lakini ninyi mmelala ndani. Na chakula? Kijana wa kazi anasukuma sufuria chini ya wavu. Kwa hiyo kwa siku, mbwa huyu anaguswa na mkono wa mtu dakika ngapi? Mwalimu alishika kalamu kwa muda, mtu aliyesahihisha madaftari miaka 30 na zaidi. Akaandika sifuri.

Kumbe watoto wale walikuwa wakimfungulia kila jioni wakirudi shule. Wanakimbizana, wanamvuta mkia, wanamwogesha kwa sabuni ya kufulia, ambayo simsifii mtu, lakini ni mikono ya watu. Saa nzima, siku nyingine mbili. Hiyo ndiyo iliyokwenda chuo. Na Chui asingeweza kuirudisha, kwa sababu naye alitiwa ndani ya banda lilelile akakaa kuutazama mlango uleule.

Najua yupo mzee hapa anayesema moyoni, huyu daktari wa siku hizi anataka mbwa walale sebuleni. Sijasema hivyo, mzee wangu. Unasema mbwa akizoea watu hawi mkali. Mimi nasema anayewajua wa kwake ndiye anayemjua asiye wa kwake. Mbwa asiyezoea mtu yeyote anabwekea bodaboda, anabwekea paka, anabwekea mbalamwezi, na anambwekea mjukuu wako aliyekuja likizo. Wewe unayazoea makelele, unavuta shuka. Na mwizi naye ameshayazoea. Kesi za kung'atwa ninazoletewa, nyingi aliyeng'atwa ni mtu wa nyumba ile au jirani. Wezi wao siwaoni, nadhani wana daktari wao.

(Kicheko.)

Dawa ya Simba? Kigoda. Jioni Mwalimu anatoka na kigoda na kikombe cha chai, anafungua mlango wa banda, anakaa. Alfajiri kijana wa kazi anamtoa Simba na kamba nusu saa, halafu anamtoa Chui peke yake nusu saa. Mwezi wa pili, usiku ukawa kimya. Na Chui yupo, ana afya, anakula kama mgeni wa harusi. Mbwa anaweza kuishi miaka 10, 12, hata zaidi. Mwalimu analisha mbwa wawili kwa tatizo lililokuwa la kigoda.

Mtaniambia mbwa ni mnyama wa kundi. Sawa, sibishi. Wapo mbwa wanaofurahi sana kuwa na mwenzao, na wapo wanaomvumilia tu kama tunavyovumiliana kwenye daladala. Wako ni yupi? Usinijibu kwa kukisia, azima mbwa. Jirani au shemeji ana mbwa mpole aliyechanjwa, mwombe jioni tatu nne. Msiwakutanishe getini pua kwa pua, hapo mwenyeji lazima alinde chake. Wakutane barabarani, kila mmoja na mtu wake, watembee upande kwa upande, kamba ilegee. Ukiikaza kamba, mbwa anaelewa kuna vita. Kisha waingie uani pamoja. Kisha, na hili ndilo watu wanaliruka, ninyi mtoke, mwache mtu anayeweza kuchungulia bila wao kumwona. Kama mbwa wako analia ilhali mgeni kalala pembeni yake, jibu umelipata bila kununua.

Mtauliza mbona wewe daktari unao wawili. Ninao. Wa pili nilimchukua kwa kuwa nilimtaka mimi, na mke wangu alikubali, wala hakubembelezwa sana. Wa kwanza alikuwa na miaka 4, anaitwa anakuja, anaambiwa kaa anakaa. Mdogo alijifunza kwa kumwiga. Kuiga huko ndiko kunakonitisha kwenye nyumba zenu, maana ukiwa na mbwa mchimbaji ukamletea mwenzake, unapata wachimbaji wawili. Mwaka mmoja utakuwa na kisima.

Mbwa wanaofiwa na wenzao nilitaka niwaseme kwa urefu, kwa sababu watu hukimbilia kuziba pengo wiki hiyohiyo... naonyeshwa saa. Dakika ngapi? Tano? Mmenikatia, haya. Mbwa mzee wa miaka 11 mwenye nyonga zinazouma msimletee mtoto wa kumning'inia masikioni. Basi, hilo litoshe.

Kijana wa begi, nasikia wa pili, ndugu yake, umemwacha kwenye gari. Mmoja umrudishe, mwombe aliyekupa. Wakilelewa pamoja tangu wangali wachanga wanashikamana wao kwa wao, wewe unabaki mleta sufuria. Ukishindwa kumrudisha, walale mbalimbali, wale mbalimbali, na kila mmoja umtembeze na umfundishe peke yake. Hiyo ni kazi mara mbili kila siku, usiniambie baadaye sikukwambia.

Jinsia. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, lakini naona hawakufuga majike wawili. Majike wakishachukiana, nimewaona, hawasahau. Dume na jike huelewana kwa urahisi zaidi, ila wafungwe kizazi. Jike hupata joto, yaani hutaka dume, kama mara mbili kwa mwaka, kila mara wiki tatu hivi, na mimba ni siku 63 au karibu na hapo. Kaka na dada hawana haya, msidhani wanajuana undugu. Na wanaoogopa kuhasi eti dume hatalinda tena, kubweka hakutoki kwenye korodani.

Gharama mnaijua, sitawasomea. Dona na dagaa mara mbili, dawa ya kupe mara mbili, minyoo kila miezi mitatu mara mbili. Kwenye kichaa cha mbwa sina mzaha. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa eneo, ugonjwa unakosa njia, Serengeti na Pemba wameliona hilo. Asiyemudu kuchanja wawili abaki na mmoja. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Wala msisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Na majirani. Mzee anakwenda swala ya alfajiri na kanzu yake safi, kuna mbwa mmoja getini anampita kwa adabu. Wakiwa wawili wanapeana ushujaa. Fungeni geti.

Maswali mawili tu. Mama wa kitenge cha njano, simama.

Ndiyo... majike wawili, dada, miaka 2. Wamepigana mara tatu mwezi huu. Kila mara ni sufuria inapotoka jikoni? Nilijua. Sikio la mmoja limechanika, huyo nitamshona leo mchana. Sikiliza, leo jioni wasile pamoja. Mmoja bandani, mwingine stoo, na milango yote miwili ifungwe kabla sufuria haijavuka kizingiti. Kijana wa kazi aambiwe, na watoto waambiwe.

Ehe? Uliwaachanisha kwa mikono? Hebu nionyeshe huo mkono. Hapana, fungua kitambaa chote. Lini? Jana jioni. Uliosha? Kwa maji tu. Hao mbwa wana kadi za chanjo? Mmoja anayo, mwingine hana. Na hujui aliyekung'ata ni yupi.

Mama, swali lako tutalimaliza kwa simu. Nje kuna bomba, kwanza uoshe kwa sabuni, dakika 15, mtu akushikie saa. Halafu uende hospitali sasa hivi, usipitie nyumbani. Nani ana gari hapo nje? Kijana, shika begi lako, unaye wa kumpeleka.