Henry Pollock: Kabla Hamjamtukana, Nisikilizeni

Sasa watu wangu, mko poa? Niko hapa Northampton, baridi ni ya kukata masikio, na leo sina habari za viza wala kodi ya nyumba. Leo ni raga tu. Tangu Novemba 2025 mnanitumia ile klipu ya uwanja wa Twickenham, London: England na Australia, kijana wa nywele za dhahabu anatoka benchi, anaupiga mpira mbele kwa guu, anaukimbiza, trai (mpira unagusishwa chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani)! Halafu mbwembwe. Na nyinyi mnaniuliza, huyu mtoto anajiona nani?

Anaitwa Henry Pollock, kazaliwa Januari 2005 kule Banbury, si mbali na hapa. Anacheza flanka, wakati mwingine namba 8, yaani wale wa safu ya nyuma kwenye skramu, ile ya kusukumana. Mbwembwe zake, hasa ile ya kuweka vidole shingoni kama daktari anayepima mapigo ya moyo, hata mimi zinanichosha. Lakini tuziache hizo, kwa sababu mkizitazama sana mtakosa uhondo wenyewe.

Julai 2024 alikuwa Cape Town na England ya chini ya miaka 20. Wakawapiga Wafaransa 21-13 kwenye fainali, ubingwa wa dunia ukawa wao. Huku nyumbani kwake, klabu ya Northampton Saints ilikuwa imetoka tu kutwaa ligi ya Uingereza mwezi Juni, na sherehe zilipokwisha watu wazima wawili wakafunga mizigo kwenda Ufaransa: Courtney Lawes kwa Brive, Lewis Ludlam kwa Toulon. Wote walikuwa wanacheza pale pale nyuma ya skramu. Mmeona hapo? Mlango ulifunguka, na kijana alikuwa ameshasimama kizingitini. Mkurugenzi wa raga wa Saints, Phil Dowson, mwenyewe aliwahi kuichezea klabu hii nafasi hizo hizo. Akamwamini.

Kuanzia hapo, mambo ni chapuchapu. Machi 2025, Cardiff, mechi yake ya kwanza ya timu kubwa ya England: anaingia kutoka benchi, trai mbili, Wales wanalala 68-14. Mei, nusu fainali ya kombe la klabu za Ulaya ugenini Dublin, na wenyeji Leinster ndio waliopewa nafasi yote. Pollock anachomoka na mpira, anawaacha watu wanaolipwa kumkaba, trai. Saints 37, Leinster 34. Mji huu haukulala, ndugu zangu! (Fainali walipigwa na Bordeaux, hiyo tuipite.) Siku chache baada ya Dublin, kocha Andy Farrell akataja kikosi cha Lions, timu ya pamoja ya England, Scotland, Wales na Ireland, cha kwenda Australia, na mdogo kuliko wote alikuwa huyu, miaka 20. Hakupangwa hata kwenye testi moja (mechi dhidi ya timu ya taifa ya Australia) kati ya zile tatu, na kwangu hilo halina ubaya. Kukaa wiki kadhaa mazoezini na magwiji wa nchi nne ni shule.

Sasa nije kwetu Kenya, maana najua mtasema Wazungu wana pesa. Sawa, wanazo. Ila Chipu wetu, timu ya taifa ya chini ya miaka 20, walipowabwaga Namibia pale Nairobi mwaka 2019 na kwenda Brazil kwenye mashindano ya dunia ya daraja la pili, mimi sikuona watoto wasiojua kukimbia wala kukaba. Kasi tunayo, miili tunayo. Kinachonikera ni ile miaka miwili baada ya Chipu. Pollock kati ya miaka 18 na 20 alikuwa anagongana na watu wazima, wikendi baada ya wikendi, na mtu wa klabu akiangalia. Wetu wengi wanarudisha jezi, wanaanza kusaka kibarua.

Kwa hiyo nina swali, na nataka majibu ya watu wa Kakamega, Nakuru na Ruaraka hasa. Chagueni flanka mmoja wa Chipu mnayemkubali. Jumamosi hii anacheza wapi, na nani anamlipia nauli?